Kabla ya Noti ya Kwanza: Nyatiti, Piano na Hofu ya Jukwaa

Mpiga nyatiti haanzi kwa vidole. Huketi kwenye kigoda kifupi, chombo kimelala sakafuni mbele yake, na mguu wa kulia ndio unaofungua kazi: pete ya chuma iliyovikwa kidole gumba, oduong'o, hugonga mti wa chombo, nazo njuga za gara zilizofungwa mguuni huitikia. Mapigo yakishakaa, nyuzi nane huingia, kisha sauti ya mwimbaji. Asiyeujua muziki wa Waluo huenda akadhani hizo ni mbwembwe za kuita watu. Mimi naona ni ufundi wa kuitawala hofu, na ndio wanaoukosa vijana wengi wa Homa Bay wanaopanda jukwaani kupiga piano peke yao.

Fikiria mwanafunzi wa Kendu Bay au Mbita anayeshiriki Tamasha la Muziki la Kenya, lile lililoanza 1927. Akishinda katika kaunti ndogo, anakwenda kaunti, kisha kanda, kisha taifa. Mara nyingi mazoezi yake ameyafanyia kwenye kinanda cha umeme cha kanisani, chenye funguo 61 nyepesi, na umeme ukikatika jioni ndiyo basi. Ukumbini anakutana na piano ya funguo 88 zinazotaka nguvu ya mkono mzima. Hakuna anayempigia makofi ya kushika mapigo, wala ngoma ya kumsindikiza. Ukumbi umenyamaza, na mwamuzi ameshika kalamu.

Mwili unajibu kama ulivyoumbwa kujibu. Adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, na mishipa midogo ya damu inabana hadi vidole vinakuwa baridi hata kama nje ziwa linachemka kwa jua. Jasho la viganja linafanya funguo ziteleze. Jambo baya zaidi, kwa maoni yangu, ni saa ya ndani inayoharibika: kasi aliyoizoea mazoezini sasa anaihisi kuwa ya kukokota, basi anaanza kwa haraka kuliko anavyoweza kuhimili. Ukurasa wa kwanza unapita salama kwa sababu ni rahisi. Sehemu ngumu ikifika, vidole havina nafasi, na hapo ndipo wasikilizaji husema mtoto ameingiwa na hofu. Kumbe kosa lilifanyika kabla hajabonyeza ufunguo wowote.

Kisa cha Maria João Pires, mpiga piano wa Ureno, kinalionyesha jambo hili vizuri. Siku moja, katika tamasha la mchana mjini Amsterdam, okestra ya Riccardo Chailly ilianza kupiga konsato ya Mozart ya D ndogo. Pires alikuwa amejiandaa kwa konsato nyingine ya Mozart. Picha za video zinamwonyesha akishika kichwa, uso umemshuka, akimweleza Chailly tatizo huku okestra ikiendelea. Chailly, bila kuacha kuongoza, akamtia moyo kwamba kazi hiyo anaifahamu. Piano ilipofika zamu yake, Pires akaingia na kuipiga kwa kumbukumbu.

Watu hukisimulia kisa hiki kama muujiza wa kumbukumbu, nami sina sababu ya kuidharau kumbukumbu yake. Lakini tazama muda. Konsato ile ina utangulizi wa okestra unaozidi dakika mbili. Katika dakika hizo alikaa ndani ya mapigo sahihi, katika ufunguo sahihi wa muziki, na sauti zenyewe zikamrudishia alichokuwa nacho. Okestra ilimfanyia kazi ambayo mpiga nyatiti hujifanyia kwa mguu. Mpiga piano wa peke yake hana okestra wala njuga, kwa hiyo utangulizi wake lazima autengeneze mwenyewe, kimyakimya, akiwa ameketi.

Unatengenezwaje? Keti, rekebisha kiti hata kama kiko sawa, weka mikono mapajani. Toa pumzi polepole, ichukue muda mrefu kuliko ya kuvuta. Moyo hupungua kasi wakati wa kutoa pumzi. Kisha usiusikilize mwanzo wa wimbo. Sikiliza kichwani ile sehemu ngumu kuliko zote, kwa kasi unayoiweza kweli, na uache kidole cha mguu kihesabu ndani ya kiatu. Kasi hiyo ndiyo ya kuanzia. Sekunde ishirini za namna hii humtia haya anayeketi, lakini wasikilizaji huziona kama utulivu. Na zifanyiwe mazoezi pamoja na wimbo wenyewe kila siku, maana jambo jipya halijaribiwi mbele ya mwamuzi.

Kuna tofauti ambayo mguu hauwezi kuiziba. Wimbo wa nyatiti huzunguka: mpigaji akijikwaa, mzunguko unarudi na anauingia tena. Zaidi ya hayo kuna pakruok, pale msikilizaji anapoukatiza muziki, anatoa chochote na kujisifu, naye mpigaji anapata pumzi. Sonata haizunguki hivyo na haikatizwi na mtu. Anayejua kuanzia mwanzo tu, akipotea katikati, hana pa kurudi. Dawa yake ni vituo. Gawanya wimbo sehemu saba au nane, ujizoeze kuanzia popote, ukianza na kituo cha mwisho ukirudi nyuma. Siku ya tamasha ukipotea, rukia kituo kinachofuata bila kusita.

Hofu pia hupungua kwa kuzoea macho ya watu kidogo kidogo. Mwanamuziki Ayub Ogada, kabla ya kualikwa kwenye tamasha la WOMAD na kabla ya albamu yake ya 1993, En Mana Kuoyo, aliwapigia nyatiti wapita njia katika reli ya chini ya ardhi ya London, watu wasiomdai chochote. Kwetu ipo nafasi inayokaribiana na hiyo: dakika chache baada ya ibada, watoto wakikimbizana, nusu ya watu wakiongea, au mvua ikipiga mabati. Mwalimu anayemfungia mwanafunzi chumbani hadi siku ya mashindano anamnyima sehemu kubwa ya maandalizi.

Wala simwambii mtoto "tulia". Alison Wood Brooks wa Harvard, katika utafiti wa 2014, aliona kwamba waliojiambia wana shauku kabla ya kuimba waliimba vizuri kuliko waliojiambia wana wasiwasi. Moyo unaodunda hauzimwi kwa amri, ila unaweza kupewa maana nyingine. Vidonge vya kupunguza mapigo ya moyo ambavyo baadhi ya wanamuziki duniani hutumia visinunuliwe kiholela dukani. Kwa mwenye pumu vinaweza kuwa hatari.

Walimu wanaoandamana na washindani wana jambo la kudai kwa adabu lakini bila kuchoka: kila mpiga piano apewe dakika mbili na piano ya ukumbi asubuhi, kabla watu hawajaingia, aujue uzito wa funguo zake na mahali pedali inaposhika.