Imeji ya Seva Haijakamilika Mpaka Ifaulu Majaribio

Takwimu za vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya kumbukumbu za huduma za afya, kutoka zahanati na vituo vya afya vya wilaya ya Rungwe huishia kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya ulioenezwa Tanzania nzima kufikia mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa mshirika wa kiufundi. Seva ya taifa haiko Tukuyu, mji mkuu wa wilaya hiyo. Lakini mtumishi mpya anayejifunza mfumo anahitaji pa kukosea bila kuharibu takwimu za kweli, na somo lisisimame kwa sababu mtandao umepotea mvua ikinyesha. Jibu ni seva ya mazoezi inayokaa kwenye kompyuta ya mkufunzi kama mashine pepe ya Linux. Nachambua hapa jinsi imeji ya mashine hiyo, yaani nakala ya diski yake yote, inavyojengwa na kupimwa yenyewe, fundi akibaki kusoma matokeo tu.

Wengi huweka Ubuntu kwa mkono, wakafuatisha PostgreSQL na PostGIS, Java, Tomcat, kisha DHIS2, halafu wakanakili diski nzima. Inafanya kazi. Shida huja toleo jipya linapotoka na hakuna anayekumbuka nini kilibadilishwa wapi. Packer, programu ya kujenga imeji iliyotolewa mwaka 2013, huondoa shida hiyo kwa kuanza na maandishi. Husoma faili la maelekezo, huwasha mashine tupu ndani ya QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, hubonyeza vitufe vya mwanzo kama mtu aliye kwenye kibodi, kisha huipa programu ya kusakinisha Ubuntu faili lenye majibu ya maswali yote. Baada ya hapo Ansible, programu ya kusanidi seva, huingia kwa SSH na kuweka yaliyobaki. Timu ya DHIS2 imeshaandika maelekezo yake ya Ansible kwa ajili ya seva, kwa hiyo afisa TEHAMA wa halmashauri ana pa kuanzia. Maelekezo yote hukaa kwenye Git. Imeji ikipotea hujengwa upya. Maelekezo yakipotea, kazi nzima imepotea.

Kabla ya imeji kufungwa, funguo za SSH za mashine hufutwa na faili la machine-id huachwa tupu. Hatua hii ikisahaulika, kila kompyuta itakayopokea nakala itakuwa na funguo zilezile, na aliyeiba za moja ameiba za zote. Jaribio lake ni jepesi: washa nakala mbili, linganisha funguo, zikifanana kataa imeji.

Sasa majaribio yenyewe, ambayo kwangu ndiyo kiini cha kazi hii. Hayafanywi juu ya imeji halisi. QEMU huunda faili dogo la qcow2 linaloegemea imeji hiyo na kupokea mabadiliko yote, kisha faili hilo hutupwa. Jaribio linalofuata huanza na imeji safi.

Swali ambalo watu huliuliza kwanza ni kama huduma inafanya kazi. Swali hilo halitoshi, na Tomcat inaonyesha kwa nini. Ubuntu 22.04 ina Tomcat 9 kwenye hazina yake, Ubuntu 24.04 ina Tomcat 10. Kati ya matoleo hayo mawili ya Tomcat, majina ya maktaba za Java yalihama kutoka javax kwenda jakarta. DHIS2 2.41 imeandikwa kwa Tomcat 9, na 2.42 inataka Tomcat 10. Fundi akibadilisha Ubuntu tu na kuacha 2.41, systemctl itasema huduma iko hai na poti 8080 itajibu, lakini mfumo wa afya hautafunguka. Kwa hiyo jaribio la kwanza liingie kwa akaunti halali, liulize api/system/info, lisome namba ya toleo, liandike takwimu moja na kuisoma tena. Vilevile lijaribu kuingia kwa admin na nenosiri district, linalojulikana dunia nzima kuwa la mwanzo. Likikubaliwa, imeji imeanguka.

Jaribio la pili ni kuwasha mashine bila intaneti. QEMU huweza kufunga njia yote ya nje. Hapo hujitokeza kasoro isiyoonekana kwenye ofisi yenye mtandao mzuri: huduma ya systemd inayosubiri mtandao inaweza kuchelewesha uwashaji hadi dakika 2. Darasa zima linakaa likitazama skrini nyeusi.

La tatu ni umeme. Wakati takwimu zinaandikwa, mchakato wa QEMU huuawa kwa kill -9, mashine huwashwa tena, na kila rekodi iliyokwisha kujibiwa kuwa imehifadhiwa hutafutwa. PostgreSQL huandika mabadiliko kwanza kwenye logi yake ya WAL, kwa hiyo rekodi hizo zinapaswa kuwepo. Jaribio hili lina mpaka wake. Kompyuta iliyobeba mashine pepe haijazimika, na kilichobaki kwenye kumbukumbu yake bado kitafika kwenye diski. Umeme ukikatika Tukuyu, kompyuta isiyo na betri nayo huzima. Kabla ya kuigawa imeji, lazima mtu achomoe waya ukutani angalau kwa kila aina ya kompyuta itakayotumika.

Imeji iliyofaulu ina ukubwa wa gigabaiti kadhaa. Ikijengwa Mbeya, takriban kilomita 70 kutoka Tukuyu, diski ya nje ndani ya basi ni njia ya kuaminika zaidi kuliko kuipakua, mradi sha256sum ilinganishwe ikifika.

Kwa afisa TEHAMA anayesoma haya: usisubiri upate Packer na Ansible zote pamoja. Chukua imeji uliyo nayo leo, andika skripti moja inayoingia kwenye DHIS2 na kusoma toleo, na uiendeshe kabla ya kugawa nakala yoyote.