Fi Iliyopotea

Neno lilikuwa "wafiwa". Kwenye skrini lilisomeka "wa wa", katikati pengo jeupe kama la jino lililong'oka. Mistari miwili chini yake, "marafiki" walikuwa wamegeuka "mara ki". Kijana wa steshenari alianza kucheka, akakumbuka kilichonileta, akanyamaza.

"Mzee wangu, tulia," akasema. "Hiyo ni fi. Humu zitakuwa nyingi."

Tulikuwa Ukonga, kituo cha Mombasa. Mombasa yetu haina bahari. Ina daladala, bodaboda, na ndege zinazoshuka uwanja wa Julius Nyerere chini chini hadi unaona magurudumu. Shangazi alikuwa amefariki juzi yake, mazishi yalikuwa kesho saa nane, na kamati ilinituma na flashi yenye kijitabu cha ibada tulichomtengenezea baba mwaka 2012. Ukoo ulitaka cha shangazi kifanane na cha kaka yake. Kile cha zamani kilipangwa Kariakoo na mtu anayeijua kazi, kwa programu ya InDesign, na kwenye flashi lilikuwamo faili lenyewe pamoja na PDF yake. Steshenari hii haikuwa na InDesign. Ilikuwa na Canva, ile ya Waaustralia iliyoanza 2013, inayofunguka hata kwenye simu, yenye violezo vya kila shughuli: kadi ya mchango, bango la mhitimu, bei za chipsi. Kazi ikawa kuipandisha PDF humo ili ikubali kuhaririwa.

Kuipandisha ni kubonyeza tu. Chai hujaifikisha nusu, kurasa zimeshaingia, na kwa mbali zinafanana kabisa na za zamani. Ni ukizigusa ndipo zinapokukatikia mkononi.

Adobe waliitoa PDF mwaka 1993 ili ukurasa ufike unakokwenda ukiwa vilevile ulivyotoka. Kwa shabaha hiyo aya haina kazi sana. Inatosha kila herufi ijue pa kusimama. Sasa Canva inapoipokea, inabidi ibahatishe: hizi zimekaribiana, basi ni neno, haya yako usawa mmoja, basi ni mstari. Wasifu wa baba, uliotiririka kutoka ukurasa wa tatu hadi wa nne, ulitua ukiwa mistari iliyokatwakatwa, kila mmoja ndani ya boksi lake. Ukifuta neno kwenye mstari wa kwanza, wa pili hauna habari. Halafu kurasa zenyewe zilikuwa zimeingia mbilimbili, wa nane ubavuni mwa wa kwanza. Nikadhani zimevurugika.

"Hapana, hii iliandaliwa kwa kukunja," kijana akasema. Akachukua karatasi mbili za A4, akazikunja pamoja, akaandika namba kuanzia juu, akazikunjua mbele yangu: 8 na 1, 2 na 7, 6 na 3, 4 na 5. "Kila pea jumla yake tisa. Ikija kumi, umekosea." Kisha zile za kwenye skrini akazitenganisha zikawa kurasa nane za A5 zinazofuatana, na suala la kukunja akaliweka kando hadi wakati wa printa.

Baada ya hapo, kwa muda mrefu, hakugusa chochote. Aliifungua PDF ya zamani pembeni akaitazama. Fundi cherehani akiletewa gauni kuukuu ashone jingine kama lile hufanya hivyohivyo: hulipindua ndani nje, akaangalia penseli ya aliyemtangulia ilipita wapi, ndipo anafumua. Kijana aligundua mambo ambayo mimi, niliyekuwa na kijitabu hicho miaka yote hiyo, sikuwahi kuyaona. Kwamba vichwa vyote vya habari vinaanzia usawa mmoja na ukingo wa picha ya jalada. Kwamba nyimbo zimesogezwa ndani kidogo ili msomaji mwenye macho ya machozi ajue hapa ndipo tunasimama kuimba. Akafuta vile vipande vyote, akaweka boksi moja lenye upana uleule, akaanza kuyashona maneno upya.

Fonti nayo ilikuwa imebadilika. Ile ya zamani haikuwamo, Canva ikavika nyingine iliyo pana kidogo, na Kiswahili chetu chenye maneno kama "tutakavyomkumbuka" hakina huruma kwenye safu nyembamba. Neno zima linarukia chini, nyuma linaacha uwazi mkubwa. Nilitarajia apunguze ukubwa wa herufi. Akakataa: wazee wengi msibani watakuwa hawana miwani. Akapunguza pambizo. Hapo ndipo nilipoanza kumwita fundi.

Na ile fi ni ya zamani kuliko kompyuta. Enzi za herufi za risasi, kichwa cha f kilichoinama mbele kiligombana na nukta ya i, kikavunjika. Wachapaji wakazisubu zote mbili kwa kipande kimoja. Programu ya PageMaker ilipoeneza upangaji wa kurasa kwenye kompyuta kuanzia mwaka 1985, na InDesign ilipofuata 1999, ndoa ile haikuvunjwa. InDesign huwaunganisha bila hata kuulizwa. Faili likihama, kama PDF haikuweka kumbukumbu kwamba kipande kile ni f na i, au fonti mpya haina kipande hicho, wote wawili wanatoweka pamoja. Sasa jaribu kumzika mtu kwa Kiswahili bila fi. Alifika mjini, alifiwa na mume, alifikisha miaka themanini, tunawashukuru marafiki. Wala huwezi kuiambia mashine itafute kisichokuwapo. Dawa ni kusoma, neno kwa neno.

Nisiionee Canva. Saa tatu usiku fundi alinitumia kiungo, nikakirusha kwenye kundi la familia, na shangazi mdogo aliye Mwanza akasahihisha mwenyewe, kwa simu yake, mpangilio wa majina ya watoto. InDesign ya Kariakoo haikuwahi kutufanyia hivyo. Dakika kumi baadaye picha ya marehemu ilikuwa imehamia juu ya wimbo wa kwanza, na hakuna aliyekiri. Fundi akairudisha, akafunga ruhusa.

Kazi hizi zinaongezeka. Microsoft walitangaza kuacha kuihudumia programu yao ya kupanga kurasa, Publisher, Oktoba 2026, na steshenari ngapi zina makabati ya kadi na ratiba yaliyofungwa humo? Wenyewe wanashauri mafaili yageuzwe mapema, ikiwemo kuwa PDF. Fi zitadondoka sana.

Nakala ya majaribio ilitoka karibu saa tano. Fundi akanipa nisome mimi, macho yake yalikuwa yameshazoea. Nikasoma kwa kidole hadi ukurasa wa saba, kwenye shukrani: "o si ya serikali ya mtaa". Nikamwonyesha. Akaandika f, akaandika i, akachapa upya. Karatasi iliyokosewa akaigeuza upande mweupe, akaanza kumpigia mteja aliyefuata hesabu ya bango.