Kabla ya Chomsky, tuanze na jina la Gachoka

Fungua kitabu chochote cha utangulizi wa isimu kwa Kiswahili, msomaji wangu, na aghalabu utakaribishwa kwa namna ileile. Isimu ni nini? Ni taaluma inayochunguza lugha kisayansi. Lugha ni nini? Fasili tano, kila moja na mwenyewe. Kisha unapita msafara wa nadharia za sarufi: sarufi mapokeo ya Wagiriki na Warumi, Saussure ambaye mihadhara yake ilichapishwa 1916 akiwa amekwisha kufa, Bloomfield wa sarufi miundo mnamo 1933, Chomsky wa sarufi zalishi mnamo 1957. Mwanafunzi anakariri miaka, anaimwaga kwenye karatasi ya mtihani, anapata alama zake. Muulize baadaye wakubwa hao walikuwa wanabishania nini, atakutazama tu.

Sisemi haya kuwadharau waandishi. Mgullu alipotoa Mtalaa wa Isimu mwaka 1999, na Habwe na Karanja walipotoa Misingi ya Sarufi ya Kiswahili mwaka 2004, walitufaa sana sisi tuliosomea isimu kwa Kiingereza na kutakiwa kuifundisha kwa Kiswahili. Ninacholalamikia ni desturi iliyoota mizizi katika madarasa yetu: kumpa mwanafunzi nadharia kama jibu kabla hajaonyeshwa swali.

Na swali lipo karibu kuliko tunavyodhani. Hebu twende Gachoka, Mbeere Kusini, katika Kaunti ya Embu. Tazama majina ya sehemu za huko na jirani zake: Gachoka, Gategi, Gatunduri. Sasa tazama haya mengine: Karaba, Kiritiri, Kangaru, Kiambere. Kwa nini kundi la kwanza lina g mwanzoni na la pili lina k? Sidai kwamba kila silabi hapo ni kiambishi, na ninajua majina mengine yaliandikwa na makarani waliosikia vibaya. Hata hivyo, msemaji yeyote wa Kimbeere au Kiembu atakupa ushahidi zaidi bila kufikiri. Kulima ni kũrĩma, lakini kukata ni gũtema. Kiambishi ni kilekile kimoja, sawa na ku- ya Kiswahili.

Mpe mwanafunzi dakika kumi na mifano kama hiyo, ataona mwenyewe. Silabi inayofuata kiambishi ikianza kwa sauti isiyo na mghuno, kama vile t, k au ch, basi k ya kiambishi hugeuka kuwa g. Ikianza kwa sauti nyingine, k hubaki. Kanuni hii inaitwa Sheria ya Dahl. Edmund Dahl alikuwa mmisionari Mjerumani aliyeiona katika Kinyamwezi, na Carl Meinhof akaitangaza kwa jina hilo mwaka 1903. Kumbe hata jina la Wakikuyu limo humo! Wenyewe husema Gĩkũyũ, Kiswahili husema Kikuyu, kwa kuwa Kiswahili hakina sheria hiyo.

Hapo ndipo nadharia zinapoanza kuwa na maana. Mwanasarufi wa mapokeo, aliyefunzwa kwa Kilatini, angetafuta nomino na vitenzi na kupita bila kuona kitu. Mwanamuundo angekusanya maneno, apange yanayoanza kwa k hapa na ya g pale, kisha aeleze mazingira ya kila umbo. Kazi safi kabisa. Mfuasi wa Chomsky angeuliza swali jingine: ni kitu gani kimo akilini mwa mtoto wa Gachoka, maana hakuna aliyemfundisha kanuni hii? Kwamba imo akilini, wala si orodha ya maneno aliyoyakariri, tunajua kwa maneno ya mkopo. Wakikuyu walipochukua kikombe na kitanda kutoka Kiswahili, walisema gĩkombe na gĩtanda. Neno geni lilipoingia, kanuni ilikuwa mlangoni ikilisubiri.

Kuna fundo moja ambalo mimi hulipenda sana. Embu kuna mahali panaitwa Kithimu. Hiyo th hutamkwa kama dh ya dhahabu, yaani ina mghuno, kwa hivyo k haina sababu ya kugeuka. Sawa. Lakini Kiambu kuna Githunguri, na th yake hutamkwa vivyo hivyo! Mbona g? Wanaisimu wa historia watakwambia th hiyo ilitokana na sauti ya kale isiyo na mghuno, na Kikuyu bado kinaitendea kana kwamba haijabadilika. Je, mtoto wa Kiambu wa leo anabeba sauti ya kale kichwani, kama ambavyo fonolojia ya Chomsky na Halle ya 1968 ingeruhusu? Au anajua tu kwamba th huenda na g, basi? Vuka hadi Meru ukutane na Githongo na Katheri, na mambo yazidi kuwa magumu. Mjadala huo mmoja unamfunza mwanafunzi tofauti ya nadharia kuliko kurasa arobaini za fasili.

Ninashikilia jambo hili kwa sababu linawagusa watu. Kijana wa Mlima Kenya akisema "gikombe" au "gitabu" darasani, wenzake wanaangua kicheko: ati ameshrabu. Mwalimu naye, mara nyingi, anacheka au anasema lugha ya mama imemharibu. Kijana anaondoka akiamini kwamba Kiswahili na Kiingereza vina sarufi, lakini lugha ya nyanya yake ni kelele tu. Mwalimu huyo amesoma isimu chuo kikuu. Pengine aliandika insha nzuri kuhusu umilisi na utendi. Tulimpitisha sisi.

Kiswahili sanifu ni kikombe, na kijana anafaa kusahihishwa. Mwalimu anayeijua Sheria ya Dahl atamsahihisha kwa dakika mbili: "Lugha yenu hugeuza k mbele ya t na k, Kiswahili hakigeuzi." Tangu mtaala wa umilisi uingie madarasani, lugha za kiasili zina nafasi katika gredi ya kwanza hadi ya tatu, na walimu wanaulizana watafundisha sarufi gani ya Kimbeere wakati vitabu ni haba. Wanaweza kuanzia kwenye kibao cha barabarani kilichoandikwa Gachoka.