Chokaa, Mikoko na Uhai wa Gereza la Kilwa Kisiwani

Ngome ya Gereza, iliyoko ufukweni mwa Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania, ni kazi ya zaidi ya zama moja. Wareno walioiteka Kilwa mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida walijenga ngome waliyoihama mwaka 1512, na jengo linaloonekana leo, lenye mabaki ya kazi hiyo ndani yake, kwa sehemu kubwa ni la zama za Waomani, karne kadhaa baadaye.

Wajenzi wote hao walitegemea matumbawe, yaani mawe yatokanayo na mifupa ya viumbe wa baharini. Mengine yalipangwa ukutani, na mengine yalichomwa juu ya rundo la magogo hadi yakatoa hewa ya ukaa, kisha yakamwagiwa maji yakawa chokaa, ambayo ikichanganywa na mchanga huyashika mawe na kuwa ngumu polepole kwa kuivuta tena hewa hiyo. Kiungo hicho huacha vinyweleo ambamo unyevu na chumvi hupata njia ya kutoka. Saruji, ambayo ni ngumu zaidi na hupitisha unyevu kwa shida, huvifungia ndani, na chumvi inapoganda kuwa fuwele hulimomonyoa jiwe lenyewe. Ndiyo maana ukarabati wa ngome hii hauna budi kurudi kwenye chokaa.

Lakini chokaa bora haiwezi kuuokoa ukuta ambao msingi wake unachimbwa na mawimbi, na hatari hiyo huongezeka pale mikoko, ambayo mizizi yake hushika tope na kupunguza nguvu ya maji, inapokatwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi ulio hatarini, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi iliyojumuisha kuimarisha kuta, kujenga kinga dhidi ya mawimbi na kupanda mikoko.

Mafanikio hayo yanathibitisha kwamba jengo la pwani huhifadhiwa pamoja na pwani yake. Kwa kuwa mvua na bahari hazina likizo, kuendelea kwa mafanikio hayo kunawahitaji wakazi wa kisiwa wenye ujuzi wa kuchoma chokaa na sababu ya kuitunza mikoko, na kuwekeza katika ujuzi huo ni sehemu ya uhifadhi kama ulivyo ukarabati wa ukuta.