“I looked it up” ilikuwa sahihi tangu mwanzo

Mwanafunzi alisema sawa, mwalimu akamharibia. Natanguliza hukumu kwa sababu mliokitazama kipindi cha Kiingereza cha Jumanne usiku hamhitaji kuzungushwa, na kwa sababu tangu usiku ule naulizwa kama pengine iko kanuni fulani ya kumtetea mwalimu. Haipo.

Turudi pale pale. Ubaoni palikuwa na sentensi mbili, “I looked for it” na “I looked after it”, zote safi. Mwalimu akaomba ya tatu, yenye “look up” kwa maana ya kutafuta neno kwenye kamusi. Binti wa mstari wa mbele akasimama akasema: “I didn't know the word, so I looked it up.” Hakusita, tena mkazo akauweka panapostahili, kwenye “up”. Mwalimu akatikisa kichwa, akaiandika sentensi, akaifuta “it” pale katikati na kuihamishia mwisho: “I looked up it”. Sababu aliyoitoa ni kwamba kitenzi cha maneno mawili ni kitu kimoja, hivyo hakikatwi vipande. Kisha darasa zima likairudia kwa sauti, mara tatu.

Uamuzi ule una makosa mawili, na kila moja linastahili kutazamwa peke yake.

La kwanza ni kudhani kwamba “up” na “after” ni maneno ya aina moja kwa kuwa yote yanaifuata “look”. “After” pale ni kihusishi. Kazi yake ni kuishika nomino au kiwakilishi kinachokuja baada yake: “after it”, “after the baby”, “after my mother”. Huwezi kuichomoa hiyo “it” ukaipachika nyuma ya “look”, maana kihusishi kitabaki mikono mitupu. “Up” ya yule binti ni kielezi. Haimshiki yeyote mbele yake, inakiegemea kitenzi. Ndiyo maana nomino ina uhuru wa kukaa upande wowote: “I looked up the word” na “I looked the word up” zote zinasemwa kila siku. Kiwakilishi hakina uhuru huo. Kielezi kikiwepo, “it” hukaa katikati, basi.

Na hili si jambo la kukaririshwa tu, lina sababu yake. Kiingereza hupeleka mwisho wa sentensi kile kilicho kizito au kipya masikioni. “It” ni nyepesi, haina mkazo, na msikilizaji ameshajua inataja nini. Kwa hiyo inapita katikati na kuiachia “up” nafasi ya mwisho pamoja na mkazo. Geuza upande wa pili uone: “I looked up all the words that our teacher had underlined.” Hapa yambwa ni ndefu na ina habari mpya, ndiyo inayokwenda mwisho. Ukiisubirisha “up” mpaka maneno yote hayo yapite, msikilizaji atakuwa ameshakisahau kitenzi. Chepesi katikati, kizito mwisho: kanuni hiyo moja inaeleza sentensi zote mbili, na ilitosha kuandikwa ubaoni kwa mstari mmoja.

Kosa la pili ndilo baya zaidi. “I looked up it” ina maana kamili kwa Kiingereza, ila ni maana nyingine kabisa. Mtu aliyepiga magoti chini ya dohani akainua macho kuchungulia ndani yake anaweza kuisema sentensi hiyo, na hakuna wa kumkosoa. Hapo “it” ni dohani, na “up” imegeuka kihusishi kinachoonyesha jicho lilielekea wapi. Darasa lile, basi, lilirudia kwa sauti sentensi ya kuchungulia juu huku likiamini linazungumzia kamusi. Vitabu vya sarufi vina mfano wa siku nyingi wa jambo hili: “He ran up the hill” na “He ran up a bill”. Kwa macho zinafanana karibu neno kwa neno. Weka kiwakilishi zitengane: aliyepanda kilima, “he ran up it”; aliyelimbikiza deni, “he ran it up”. Kiwakilishi ndicho kipimo, nacho kilikuwa kimeshatoka kinywani mwa mwanafunzi. Mwalimu alikuwa na jibu mbele yake, akalifuta kwa kitambaa.

Kwa haki, sehemu ya matamshi ilifundishwa vizuri, na mazoezi ya mwisho yalitumia mazungumzo ya kawaida badala ya sentensi za kubuni.

Mnajua ninavyoyachukia majedwali, na hapa sina budi kurudia. Kosa la Jumanne lilizaliwa kwenye jedwali. “Look after, look at, look for, look into, look up” yanapangwa chini ya herufi moja, maana zake upande wa kulia, kisha mtoto anaambiwa akariri. Mpangilio huo unafuata neno la kwanza, ilhali tabia ya sentensi inaamuliwa na neno la pili. Anayejifunza kwa njia hiyo ataamini kwamba vyote vilivyo chini ya “look” vina mwenendo mmoja. Na mzigo wenyewe hauna sababu ya kuwa mkubwa kiasi hicho. Mwaka 2007 Dee Gardner na Mark Davies walipekua mkusanyo wa Kiingereza cha Uingereza wenye maneno milioni 100, wakakuta kwamba vitenzi 20 tu vikiungana na vielezi 8 vinatoa zaidi ya nusu ya matumizi yote ya vitenzi hivi. Somo lililopangwa kwa vielezi hivyo vinane, “up”, “out”, “off” na wenzao, lingefika mbali kuliko majedwali yote tunayokaririsha.

Na hiyo “hakikatwi vipande” ni ndugu wa ushirikina mwingine ninaoupinga miaka yote: kwamba sentensi isiishie na neno dogo. Mwaka 1672 John Dryden alimshutumu Ben Jonson kwa kumalizia sentensi na kihusishi. Jonson alikuwa amefariki tangu 1637, hakuweza kujibu. Kisha Dryden akaigeukia insha yake mwenyewe juu ya tamthilia, na katika toleo la 1684 akavihamisha vihusishi vya mwisho kimoja baada ya kingine. Robert Lowth, katika sarufi yake ya 1762, alikiri kwamba mtindo huo umeenea katika mazungumzo, lakini akaona wa Dryden una heshima zaidi kwa maandishi mazito. Waliomfuata wakaidaka heshima wakauacha ukiri. Matokeo yake ni kalamu nyekundu juu ya “What are you looking for?”, sentensi ambayo Mwingereza yeyote huisema kabla hajanywa chai.

Wakongwe wengine walikuwa makini zaidi. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya 1755, alivitaja vitenzi hivi vya maneno mawili kuwa ndivyo vinavyowatesa zaidi wageni wa lugha, akavikusanya kwa uangalifu mkubwa. A. S. Hornby, aliyefundisha Kiingereza huko Japani, alitoa kamusi ya wanafunzi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakaitoa upya mwaka 1948. Mwaka 1954 akaongeza kitabu cha miundo ya vitenzi, ambamo mahali pa yambwa palifafanuliwa, sio maana peke yake. Mwalimu aliyelelewa na Hornby angeisikia sentensi ya binti yule, angemwambia akae, na somo lingesonga mbele.

Jumanne ijayo kipindi kimetangaza vitenzi vya maneno matatu: “put up with”, “run out of”, “look forward to”. Hapo kiwakilishi hukaa mwisho kwa haki, “I can't put up with it”, kwa kuwa neno la tatu ni kihusishi na lazima lishike kitu. Darasa lililofundishwa “I looked up it” litaona kanuni yake imethibitishwa, na baada ya hapo kulirudisha nyuma itakuwa kazi ya mwaka mzima. Kwa hiyo marekebisho yatangulie somo jipya, na yafanywe hewani, kwa sababu kosa lenyewe lilifanywa hewani.