Into the Breach: unaona kila kitu, na bado unakosa mikono

Wenzangu, wengi wetu tukisikia "mchezo wa vita" tunafikiria risasi nyingi, adui wengi, na miji inayobomoka huko nyuma bila mtu kuuliza nani alikuwa anaishi mle. Watengenezaji wakitaka ugumu, wanaongeza adui tu. Mi naona huo ni uvivu. Adui 20 pahali pa 10 hawabadilishi swali, wanachosha vidole.

Into the Breach, mchezo wa mwaka 2018 wa Subset Games (Matthew Davis na Justin Ma, walewale wa FTL), unapita njia nyingine. Uwanja ni mdogo: miraba 8 kwa 8. Una mashini tatu za vita. Wadudu wakubwa wanatoka chini ya ardhi, na kabla hujagusa kitu, kila mdudu anakuonyesha atapiga wapi. Siri karibu hakuna, bahati ni kidogo sana.

Tuchukue zamu moja ya kawaida. Mdudu mmoja amelenga nyumba ya wakaaji. Wa pili amelenga treni uliyopewa kazi ya kulinda. Wa tatu amelenga mashini yako, na ndani kuko rubani uliyemkuza tangu mwanzo. Pembeni shimo linafunguka, wa ine yuko njiani. Silaha nyingi kazi yake kubwa ni kusukuma. Basi unahesabu: nikimsukuma huyu mraba mmoja, pigo lake litaangukia mwenzake, vizuri. Lakini mashini hiyohiyo ndiyo ingesimama juu ya shimo kulifunga. Sasa? Mara kuko jibu linaloponya wote, unalitafuta dakika kumi na unalipata. Mara halipo kabisa. Treni ikipotea unakosa nyota, na nyota ndizo zinanunua silaha. Nyumba ikipigwa, umeme wa mji unapungua (umeme, sisi tunajua thamani yake), na ukifika sifuri umeshindwa, hata mashini zote zikiwa nzima.

Hapa ndipo mchezo huu ulinishika. Kazi si kumaliza adui, ni kuvumilia zamu chache mpaka warudi. Nyumba ya raia ndiyo roho yako, na mara nyingi mwenye silaha ndiye anajiweka mbele apokee pigo. Kwa msomaji wa huku Mashariki, hilo si jambo dogo. Sijaona michezo mingi ya vita yenye kuthubutu hivyo.

Lakini siusifu wote. Ukishindwa, rubani mmoja anaweza kuruka kwenda dunia nyingine, na unaanza tena naye, na uzoefu wake mkononi. Ile dunia ya kwanza inabaki nyuma na wafu wake. Uchaguzi mgumu ungekuachia deni. Hapa deni linafutwa. Tena wakaaji hawana sura, ni maneno mafupi yanayotokea juu ya paa. Baada ya saa nyingi unaangalia umeme tu, watu umewasahau.

Mwaka 2022 ulifika hata kwenye telefone, kwa wenye Netflix. Na ninyi wa informatiki mnaoota kutengeneza michezo ya kwetu, jaribuni kwanza kwa karatasi: miraba 64, nyumba tatu, walinzi wawili. Mwambie rafiki adui atapiga wapi. Akijibu haraka, usiongeze adui. Mwondolee mlinzi mmoja, ao sogeza nyumba, uone kama atanyamaza.