Herufi A, B na C

Katika jalada la kifo cha utata, mimi huanza na ramani ya eneo la tukio. Huwa imechorwa kwa mkono, kwa kalamu ya wino, na mahali fulani rula imeteleza. Barabara ni mistari miwili, korongo ni vistari vifupi vifupi. Chini kuna ufunguo: A ni mwili ulipokutwa, B ni katambuga ya mguu wa kushoto, C ni nguzo ya umeme. Kutoka A hadi C, mita kadhaa.

Hiyo nguzo ndiyo inayonifurahisha. Katambuga itachukuliwa kama kielelezo, mwili utapelekwa mochwari, damu itafunikwa na vumbi jekundu la Karatu. Nguzo itabaki, hata hakimu akitaka kwenda kupima mwenyewe mwaka unaofuata. Askari mzoefu hapimi umbali kutoka kwenye pikipiki iliyoegeshwa.

Kwa Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya 1980, korona, yaani mchunguzi wa vifo vya utata, ni hakimu, na wakati wa tukio hakimu hayupo. Anategemea macho ya askari. Ndiyo maana askari anaweza kuwarudisha watu nyuma, kuwahoji waliokuwepo, kuchukua vielelezo na kuupeleka mwili kwa daktari. Akiyatumia mamlaka hayo kwa ubabe anaiharibu kazi yake mwenyewe. Mjomba wa marehemu anataka kumfunika mpwa wake, na nani wa kumlaumu? Askari anayejua kazi humwita pembeni pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, humpa pole, kisha humwomba yeye ndiye autambue mwili. Wakati wanazungumza, nyayo zilizouzunguka mwili zinabaki salama.

Ukipita geti la Lodoare, la kuingia Ngorongoro, kazi inakuwa ngumu zaidi. Agosti 2021, huko huko, watoto watatu waliokwenda kutafuta ng'ombe waliopotea waliuawa na simba. Mtu anaweza kuuliza, hapo kuna nini cha kuchunguza? Kipo. Mnyama si lazima awe ndiye aliyeua: fisi hula hata mwili wa mtu aliyeuawa kwa rungu usiku uliotangulia, na akimaliza, kila anayefika atamtaja fisi. Kwa hiyo askari makini haandiki "ameliwa na fisi". Anaandika: alama za meno begani, damu kidogo chini, nyasi zimelala kuelekea kichakani. Sababu ya kifo anamwachia daktari na korona. Kujizuia huko ndiko ninakokuona kuwa ufundi wenyewe, maana wanakijiji wamemzunguka wakitaka jibu palepale.

Tena kuna siku ambazo eneo haliwezi kulindwa, wala halipaswi kulindwa. Mei 6, 2017, basi la Shule ya Lucky Vincent lilipotumbukia korongoni Marera, Rhotia, walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu walinusurika. Waliowahi kufika waliingia kuokoa, na hakuna askari mwenye akili ambaye angewazuia. Eneo la namna hiyo huchorwa likiwa limeshakanyagwa, na hapo uaminifu wa mchoraji huonekana: anaandika kilichohamishwa, kilikotoka na aliyekihamisha.

Mahakamani wakili atauliza mbona B haipo kwenye picha. Aliyeandika "B ilihamishwa na waokoaji kabla sijafika" atajibu kwa sentensi moja, na wakili atageukia swali jingine.